Shahidi wa Ukimya

Siajabu Makame alikuwa ameshachoshwa na Ulaya kabla hata ya chai ya saa nne. Tangu saa mbili asubuhi mabalozi kumi na tisa walikuwa wamejikusanya kwenye ukumbi wa hoteli kongwe ya Brennau, huko milimani, wakibishania bendera ya nani itangulie kwenye lango la kituo kipya cha Mwavuli, kinga yao ya droni. Kituo chenyewe hakijajengwa. Hata kiwanja hakijapatikana. Lakini bendera, wallahi, bendera zilishapimwa kwa rula.

“Watu wanakufa, wenyewe wanapanga vitambaa,” alinong'ona kwa Kiswahili, akainamia daftari lake ili kipaza sauti kisimnase.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Wete, Pemba, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi na sweta mbili juu ya buibui kwa sababu ya baridi ya milimani. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Nchi kumi na tisa zilikuwa zimeungana kujikinga, na zilikuwa zimepatana kwa dhati katika jambo moja tu, kwamba hakuna hata moja inayomwamini jirani yake kuhesabu kura. Ndipo wakatafuta mtu wa mbali, asiye na shamba wala shemeji katika ugomvi ule. Wakampata karani mstaafu wa mahakama ya kadhi.

Kazi yake kwa lugha zao ilikuwa na jina refu kama treni. Yeye aliifupisha: Shahidi wa Ukimya. Maana kule Brennau hapakupigwa kura. Pendekezo likiletwa, saa inawekwa. Serikali isiyotaka inatuma pingamizi lenye muhuri kutoka mji wake mkuu kabla saa haijaisha. Ikinyamaza, imekubali. Mashine ya kuhesabu, waliyoiita Mizani, inasoma matokeo, halafu Siajabu anatamka, “Ukimya umesikika,” anabonyeza kidole gumba kwenye kibati kilicho mbele yake, na jambo linakuwa sheria. Alishabonyeza mara mia mbili na kumi na moja. Mabalozi walikizoea kile kidole kama walivyolizoea ua la plastiki pale mezani. Wengi walikuwa wameshaanza kuvaa makoti kabla hajakiinua.

Saa tatu na nusu mwenyekiti, Bi. Odile Werth, aligonga meza. Alikuwa amepokea karatasi, na uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida yake, jambo ambalo Siajabu hakudhani linawezekana.

“Droni elfu moja na mia mbili ziko juu ya Bahari ya Baltiki,” alisema. “Zinaelekea Hallavik. Zitafika saa tano na nusu.”

Habari za bendera zikafa hapohapo.

Hallavik ulikuwa mji mkuu wa Vardland, watu laki nne, na ulikuwa uchi. Minara ya Mwavuli ilikuwa imesimama, lakini kituo cha umeme kilichoilisha kilikuwa kimeungua juzi yake. Mwavuli bila umeme si kitu. Minara ile hula umeme wa kupikia nchi nzima, na kwa umeme huo huifanya hewa juu ya mji iwe nzito kama ugali unaokaribia kuiva; droni ikiingia humo inazama, inapapatika, inaanguka bila kulipuka. Hakukuwa na umeme wa akiba. Nchi zote kumi na tisa zilikuwa zimeapa, mkono juu, kwamba zimeshatoa kila kilichokuwapo.

“Pendekezo ni kuuondoa umeme wa Mwavuli wa Saarva na kuupeleka Hallavik,” alisema Bi. Werth. “Kuuzima kule na kuuhamisha kunachukua nusu saa. Kwa hiyo ukimya utaisha saa tano kasorobo.”

Saarva ni kisiwa, nchi ndogo kuliko zote mezani, watu elfu thelathini na moja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa lililobaki. Adui ana macho. Mji utakaoachwa wazi ndio utakaopigwa. Balozi wa Vardland, Sunniva Rask, mwanamke mrefu aliyekuwa na kaka yake bandarini Hallavik akiendesha kreni, alisimama, akashika kiti kwa mikono miwili.

“Nawaombeni,” alisema. Akakaa.

Siajabu alimtazama, roho ikamuuma. Laki nne kwa elfu thelathini na moja. Hata mtoto wa darasa la pili angejua kutoa jibu.

*

Chumba cha laini kilikuwa ghorofa ya pili, mahali ambapo zamani wageni walikandwa migongo. Humo alikaa mhandisi Osmund Kapinga wa Mbinga, mwanamume wa rika lake, mwenye mvi za ndevu tu. Jina la Osmund lilikuwa limewahadaa waliomwajiri. Aliyetumwa kumpokea kituo cha treni alimpita mara tatu, akimtafuta Mzungu mwenye nywele za mahindi.

Kapinga alilinda laini kumi na tisa, moja kwa kila mji mkuu. Na alikuwa na mazoea ambayo hayakuwa kwenye mkataba wake: kila saa ilipowekwa, alivaa visikilizi na kuzipitia laini moja moja kwa masikio yake.

“Bi. Siajabu, njoo usikie,” alisema bila salamu, na yeye si mtu wa kuacha salamu.

Siajabu aliweka kisikilizi sikioni. Akangoja. “Sisikii kitu.”

“Ndiyo hivyo. Laini hai haikosi mvumo, hata kama hakuna anayesema. Hii haivumi. Imekufa.”

“Ya nani?”

“Saarva. Ilikatika saa tatu na dakika kumi. Kebo ya chini ya bahari, nadhani wameikata makusudi. Redio zimezibwa zote. Najaribu toka muda huo, natwanga maji kwenye kinu.”

Siajabu alivua miwani. “Saa tatu na kumi. Na pendekezo limetoka saa tatu na nusu. Yaani Kapinga, unaniambia hawa watu hata hawajaulizwa?”

“Hawajaulizwa. Wako kwao wanakunywa kahawa chini ya Mwavuli wao, hawajui kwamba wanavuliwa nguo.”

“Na hiyo Mizani yao ya mabilioni haioni?”

“Mizani inahesabu pingamizi zilizoingia basi. Aliyenyamaza na aliyekatwa ulimi kwake ni mamoja.” Kapinga alijikuna kidevu. “Halafu kuna jingine.”

“Ala! Usinimwagie yote kwa mpigo, nina moyo mmoja tu.”

Alimwonyesha mshale mdogo kwenye kioo cha gridi ya umeme ya Muungano. Gridi iliyotoa kila ilicho nacho, alieleza, huyumba kama meza yenye mguu mfupi. Ukiigusa hapa inalia kule. Juzi kituo cha Hallavik kilipoungua, mshale ule ulipaswa kucheza kwa saa nzima. Ulitikisika mara moja, ukatulia tuli.

“Maana yake kuna mahali umeme umelala,” alisema. “Si kidogo. Nchi saba, nane, zimejifichia, kila moja na akiba yake ya siku mbaya.”

“Siku mbaya kuliko hii?”

“Waulize wenyewe.”

“Una hakika?”

“Robo tatu.” Alifikiri. “Robo tatu, labda.”

*

Aliteremka ngazi kwa sababu lifti ya Brennau ilikuwa imekwama tena, na wahusika walikuwa bado wanajadili lifti ile ni ya nchi gani. Alimkuta Bi. Werth kwenye korido, akamweleza habari ya laini. Bi. Werth alisikiliza kwa adabu yake yote.

“Kanuni inasema pingamizi lililopokelewa,” alijibu. “Haisemi laini iwe hai. Nakiri ni pengo. Nimelipeleka kwa kamati ya sheria.”

“Kamati inakaa lini?”

“Alhamisi.”

“Leo Jumatatu, mama!”

“Laki nne, Bi. Makame,” alisema Bi. Werth kwa upole, na kwa upole huohuo akaenda zake. Hilo ndilo lililomkera Siajabu zaidi. Laiti angekuwa mtu mbaya, angemchukia akapumua.

Balozi wa Saarva alikuwa benchini nje ya ukumbi, koti mwilini, kofia mapajani, kama mtu anayesubiri zamu ya daktari. Taavet Ormus alikuwa mwalimu wa jiografia kabla ya ubalozi, na bado vidole vyake vilikuwa na tabia ya kujifuta chaki isiyokuwapo.

“Mheshimiwa Balozi, laini ya kwenu imekatika.”

“Najua. Nimempigia mke wangu tangu saa tatu na nusu. Haiiti.”

Siajabu alisimama akimtazama. “Unajua! Na umekaa hapa? Ingia ndani useme hapana.”

“Sina maagizo.”

“Maagizo yatoke wapi na kebo imekatwa?”

“Ndiyo tatizo lenyewe,” alisema Ormus. “Pingamizi ni la serikali, lina muhuri. Balozi akipinga kwa mdomo wake mwenyewe, Mizani haipokei. Na kwetu ni miaka saba jela.”

“Na watu elfu thelathini na moja wakiteketea, kwenu ni miaka mingapi?”

Mzee wa watu alizungusha kofia. Alipojibu hakumtazama.

“Bibi Shahidi, Sunniva Rask anakaa chumba cha pili na changu. Jioni tunakunywa chai pamoja. Nikisema hapana, nimewahukumu watu wake kwa ulimi wangu. Nikinyamaza…” Aliitazama kofia. “Nikinyamaza, si mimi.”

Siajabu alitamani kumshika mabega amtikise mpaka maagizo yamdondoke mfukoni. Hasira zilimpanda hadi masikioni, na zilimpanda zaidi kwa sababu alijua yeye mwenyewe alikuwa na kichaka kama kilekile cha kujifichia. Saa ingeisha, Mizani ingesoma, yeye angetamka maneno yake mawili na kubonyeza. Nani angemlaumu karani?

*

Saa tano kasorobo Mizani ilisema kwa sauti yake ya kike iliyotakata: “Hakuna pingamizi lililopokelewa.”

Mabalozi waliinamia karatasi zao. Ormus alikuwa kwenye kiti chake, amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Siajabu aliweka mikono miwili mapajani.

Sekunde zikapita. Mtu mmoja, halafu wa pili, akageuka kumtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa baadhi yao kuuona uso wake.

“Bi. Makame,” alisema mwenyekiti. “Tunakusubiri.”

“Sijausikia ukimya wa Saarva,” alisema Siajabu. “Nimewasikia kumi na wanane. Laini ya Saarva imekufa tangu kabla ya kuulizwa. Kimya cha maiti si ridhaa. Sibonyezi.”

Ukumbi ulilipuka kwa lugha kumi na tisa. Mashine za tafsiri zilizidiwa, zikawa zinamtupia vipande vipande: “haijawahi”, “mamlaka gani”, “karani”. Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa balozi wa nchi kubwa kabisa ya Muungano, bwana mnene mwenye suti ya kijivu, ambaye asubuhi nzima alikuwa mpiganaji hodari wa bendera.

“Kidole chako ni cha heshima tu!” alifoka. “Ni desturi!”

“Basi ngoja nikwambie desturi,” alisema Siajabu, akasimama. Alikuwa mfupi, ikabidi wanyamaze ili wamwone. “Kwetu siku ya ndoa bibi harusi haletwi mbele ya wanaume. Wanatumwa watu wawili wamwendee chumbani, wamuulize kama ameridhia. Mwari anaona haya. Akinyamaza, kunyamaza kwake ni ridhaa. Mnaona? Nanyi mnadhani mmevumbua kitu. Nimekuwa karani wa kadhi miaka kumi na tisa. Ijumaa moja waliotumwa walikuwa na haraka, pilau inapoa. Wakauliza mlangoni, hawakuingia. Kimya. Wakarudi, karidhia. Binti alikuwa humo ndani amezimia kwa homa. Alipozinduka alikuwa mke wa mtu ambaye alishamkataa mara mbili. Ilituchukua miaka minne kuivunja ndoa ile, na cheti niliandika mimi, kwa mkono huu. Tangu siku hiyo, anayenyamaza, kwanza nataka kujua kama yumo na kama anasikia. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.”

“Watu laki nne!” Alikuwa Sunniva Rask, na sauti yake ilipasuka katikati. “Unatusimulia harusi, na kwetu kuna watu laki nne!”

Siajabu aligeukia meza nzima.

“Toeni umeme mliouficha.”

Kila mmoja akamtazama mwenzake kwanza.

“Nchi yangu imetoa yote,” alisema bwana wa suti ya kijivu.

“Na yangu,” akasema wa kushoto kwake.

“Na yetu.”

Ikazunguka meza, yote, yote, yote, kama watoto walioulizwa nani kala sukari.

Bi. Werth alitazama saa ya ukutani. “Ikifika saa tano kamili, hata ukibonyeza haitasaidia. Uhamisho unahitaji nusu saa. Ukikosea, Bi. Makame, utakuwa umeua mji.”

“Najua.”

“Na bado?”

Siajabu alikaa. Saa ilisoma saa tano kasoro dakika saba, halafu kasoro tano. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kibati, na hakukumbuka kukipeleka pale. Kikishuka tu, yamekwisha. Angerudi chumbani, angeswali, angelala. Wakubwa wangesema ilikuwa hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi. Kamba hukatikia pembamba, tangu dunia iwe dunia. Na Saarva ikishavuliwa kwa ukimya wa uongo, kesho nchi ndogo nane zingekumbuka kilichozileta mezani, ile ahadi moja kwamba hakuna atakayenyang'anywa bila kuulizwa, na zingekusanya bendera zao zilizopimwa kwa rula, na Muungano ungekwisha. Hilo nalo alilijua. Lakini watu wa Hallavik walikuwa na saa yao, si kesho.

Sauti ya Kapinga ilimjia sikioni kupitia kisikilizi cha tafsiri, imekauka. “Robo tatu, Bi. Siajabu. Sikusema hakika.”

“Nakusikia, ndugu yangu.”

Aliondoa kidole. Saa tano kamili ikapita, na Sunniva Rask akalia kwa sauti, mbele ya watu wote.

Kilio kile ndicho kilichofanya kazi, Siajabu aliamini hivyo baadaye, au labda ni kule kujua kwamba mlango rahisi umefungwa. Balozi mmoja alikohoa. Akasema yawezekana, akisisitiza yawezekana, kwamba wataalamu wa kwao wamegundua umeme kiasi ambao haukuwa umeonekana katika hesabu za awali. Mwingine akasema hata wao. Ndani ya dakika tatu nchi saba zilikuwa zimegundua.

“Washeni basi!” alisema Siajabu. “Huu hauhitaji kuzima Mwavuli wa mtu, lakini minara inahitaji dakika ishirini kujaa!”

“Ningependa kumbukumbu za kikao ziseme umeme huu umepatikana,” alisema bwana wa suti ya kijivu. “Si kwamba ulifichwa.”

“Andikeni umedondoka kutoka mbinguni! Washeni!”

“Tuko tayari kuwasha,” alisema, akamtazama jirani yake, “mara tu wenzetu watakapowasha.”

“Sisi tutafuata,” alisema jirani.

“Tunafuata pia.”

Jamani! Kila mmoja alikuwa tayari kutoa mradi mwenzake atangulie, maana wa kwanza kutoa ndiye atakayebaki mtupu ikiwa wengine wataghairi. Saa tano na dakika tano. Na nane. Bi. Werth alipendekeza wafuate alfabeti. Wakaanza kubishana alfabeti ya lugha gani. Siajabu aliinamisha kichwa mezani, paji la uso likagusa kile kibati baridi, akajikuta anacheka na machozi yanamtoka.

“Saarva inatoa.”

Alinyanyua kichwa. Ormus alikuwa amesimama, kofia mkononi.

“Mwavuli wetu unafunika kisiwa kizima,” alisema. “Upunguzwe, ufunike mji tu. Mashamba na ukanda wa kaskazini ubaki wazi. Hiyo ni theluthi ya umeme. Ipelekeni Hallavik.”

“Mheshimiwa,” alisema Bi. Werth taratibu, “una maagizo?”

“Sina. Mke wangu yuko ukanda wa kaskazini.” Alijifuta vidole. “Washeni.”

Kanuni ya kukataa ilikuwa na kurasa arobaini. Kanuni ya kutoa haikuwapo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja mtu atatoa. Kwa hiyo Mizani haikudai muhuri wowote. Ilisema tu, “Imepokelewa.” Bwana wa suti ya kijivu alimtazama yule mzee na kofia yake, akanong'oneza kitu kwenye simu yake. Kisha wa pili. Kisha wote saba kwa pamoja, wakisukumana kama watu wanaotoka msikitini mvua inakuja.

Ilikuwa saa tano na dakika kumi na nne. Walikuwa wamechelewa dakika nne.

*

Mwavuli hufunguka kutoka katikati kwenda pembeni. Droni zilipofika Hallavik, hewa nzito ilikuwa imeshafunika hospitali, shule, nyumba, na ile stesheni kubwa yenye wakimbizi. Droni elfu na kitu zilizama humo zikaanguka kimya. Bandari, iliyoko ukingoni kabisa mwa mji, ilipata Mwavuli wake dakika nne baada ya kuuhitaji.

Watu sitini na watatu.

Saarva hakufa mtu. Kebo ilirekebishwa Jumanne alfajiri, na ujumbe wa kwanza kutoka kisiwani ulikuwa wa mke wa Ormus, akimuuliza kwa nini hashiki simu.

Mchana wa Jumanne Sunniva Rask aliingia ofisini kwa Siajabu bila kubisha hodi. Alikuwa na bahasha. Macho yake yalikuwa yamevimba, na gauni lake lilikuwa lilelile la jana.

“Kaka yangu alikuwa kwenye kreni,” alisema. “Huwa hawezi kushuka haraka. Ana goti bovu.”

Siajabu alisimama. Alikuwa na maneno tayari, alikuwa ameyapanga usiku kucha juu ya mkeka wa kuswalia: kwamba laki nne wamepona, kwamba dakika nne zile si zake, ni za waliosubiriana. Yote yalikuwa kweli. Aliyaona yalivyo mepesi, akayaacha.

“Pole sana, mwanangu,” alisema. “Pole.”

“Ungebonyeza saa tano kasorobo, angekuwa hai.”

“Ndiyo.”

“Uliwahesabu? Ulipoweka mikono mapajani, ulituhesabu?”

“Niliwahesabu. Mmoja mmoja sikuweza. Lakini niliwahesabu.”

“Na ungefanya tena?”

“Ndiyo,” alisema.

Sunniva alimtazama kwa namna ambayo Siajabu alijua hatapewa msamaha leo, wala mwakani, na pengine ni haki. Kisha alitupa bahasha mezani.

“Serikali yangu inaleta pendekezo. Laini iliyokufa isihesabiwe kuwa imenyamaza. Kabla ya kufunga saa, Shahidi aite kila nchi, ijibu kwa mdomo wake kwamba inasikia. Na akiba zote za umeme ziwe mikononi mwa Muungano, zikaguliwe kila juma.” Alivuta pumzi. “Wanasema kesho kebo itakayokatwa inaweza kuwa yetu. Mimi nilikataa kuleta. Wamenipa maagizo.”

Pendekezo liliwekwa saa, kama mapendekezo yote, kwa ukimya. Bwana wa suti ya kijivu aliuliza kama neno “zikaguliwe” lingeweza kulainishwa, na Siajabu akamjibu kwa kumtazama tu. Saa tisa alasiri muda ukaisha. Mizani ikasoma kwamba hakuna pingamizi lililopokelewa, na mabalozi wote kumi na tisa wakamgeukia yule mama wa sweta mbili. Hakuna aliyekuwa amegusa koti.

Alianza kuziita. Saarva ilijibu, tupo, tunasikia. Nchi kubwa ilijibu. Aliita kumi na nane, na kumi na nane zikaitika. Iliyobaki aliiita mwisho, kwa sababu alikuwa akiiogopa.

“Vardland,” alisema. “Mpo? Mnasikia?”

Sunniva Rask alikaa kimya muda mrefu, na Siajabu akangoja, kidole kikiwa mbali na kibati, na angengoja mpaka usiku.

“Tumepungua,” alisema Sunniva. “Lakini tupo.”